Sungusungu wa Usukumani: Mlinzi Naye Aulizwe na Nani?



Ndugu wasomaji, vijana wetu wakisikia neno sungusungu humfikiria mlinzi wa usiku mwenye filimbi na rungu, ambaye mwisho wa mwezi hupita nyumba kwa nyumba kudai mchango. Wachache wanajua kwamba jina hili lilitoka katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi huko Tanzania, na kwamba kabla ya kuwa jina la walinzi lilikuwa jina la wadudu, wale chungu wakubwa weusi wenye kuuma. Ukimkanyaga mmoja, wanakuja wote.

Tumeona tuwaandikie historia hii kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: raia kushiriki katika ulinzi, na raia kuwa na haki ya kumhoji anayelinda. La kwanza lilipatikana upesi. La pili lilichelewa, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni wanyonge.

Tuanze na mwaka 1976. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa imesumbuliwa na mauaji, hasa ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Serikali ikapeleka polisi na maofisa wa usalama kufanya msako. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Jambo hili lilipofika juu halikufunikwa. Mapema mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, pamoja na viongozi wengine. Waziri huyo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985 na aliyefariki Februari 2024, Allah amrehemu. Mzee Mwinyi hakuwa amemtesa mtu. Aliondoka kwa sababu waliotesa walikuwa chini ya wizara yake. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani baadaye.

Hapa tunawakumbusha wanafunzi wetu kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) ambacho kimo katika Sahih Bukhari. Watu wa Kufa walimshitaki kwa Khalifa Umar (r.a.), hata wakadai kuwa hajui kusalisha. Umar alimwita, akamsikiliza, kisha akatuma watu waende naye Kufa wakaulize habari zake kwa raia wenyewe, msikiti kwa msikiti. Kila msikiti walimsifu, isipokuwa katika msikiti wa Bani Abs alisimama mtu mmoja akamtuhumu. Umar alikuwa amekwisha kumwondoa Sa'd katika uongozi ule. Lakini alipokuwa katika mauti yake alimtaja miongoni mwa wale sita wa shura, akaweka wazi kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala khiyana. Hatuwalinganishi watu hawa kwa daraja, hasha. Tunachotazama ni ule utaratibu: mkubwa anashitakiwa na wadogo, anaulizwa, anaondoka, na heshima yake inabaki.

Turudi Usukumani. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilianza, na vilipomalizika mwaka 1979 silaha nyingi zilikuwa zimetapakaa mikononi mwa watu. Wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa fimbo na mishale ukawa unafanywa kwa bunduki. Kwa Msukuma ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule. Akiamka zizi ni tupu, huyo ni mtu aliyefilisika usiku mmoja. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, gari halina mafuta, na mara nyingi mwizi aliyekamatwa alirudi kijijini kabla ya aliyeibiwa, kwa kuwa kulikuwa na mkono uliopenyeza kitu. Ongeza na kumbukumbu ya msako wa 1976, utaelewa kwa nini wanakijiji hawakuwa na hamu ya kumpelekea polisi chochote.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama, vijiji vikaanza kujipanga vyenyewe. Walijiita pia Wasalama. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake, katibu wake na makamanda wake, na kila mwanamume mzima alitakiwa kuwa na upinde na mishale. Ng'ombe wakiibiwa, ukunga wa kuomba msaada unapigwa, ambao wao huuita mwano, na filimbi zinapokezana kijiji hadi kijiji mpaka njia zote zimezibwa. Hakuna wa kusema "si ng'ombe wangu". Asiyetoka alitozwa faini. Mwizi akipatikana alitozwa mifugo, na akikaidi alitengwa: hapewi moto, hapewi maji, hazikiwi maiti yake na majirani. Anayejua maisha ya kijiji anajua kwamba adhabu hii ni kali kuliko jela. Na wizi ulipungua sana, hilo halina ubishi. Watu walirudi kulala.

Serikali iligawanyika. Polisi na mahakimu walilalamika kwamba wanakijiji wamejichukulia madaraka ya kukamata na kuhukumu, na baadhi ya sungusungu walitiwa ndani. Chama na Mwalimu Nyerere wao waliwaunga mkono, wakiona ni wananchi wanaojilinda. Kila upande ulikuwa na hoja. Polisi walisema kweli kwamba sheria imevunjwa, ila walisahau kusema kwa nini watu waliikimbia sheria hiyo. Chama nacho kilifurahia wizi kupungua, kikapita haraka juu ya jambo lililokuwa linafanyika gizani.

Jambo hilo ni la wale vikongwe. Wanawake wazee wa Usukumani, wengi wao wajane, waliandamwa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yaliiva kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Sungusungu walitoka katika jamii ile ile yenye imani zile zile, wakiwa na waganga wao na dawa zao za kuwafichua wabaya. Kwa hiyo mikutano yao haikuhukumu wezi tu. Baadhi ya wazee walitengwa, wakafukuzwa vijijini, na wengine waliuawa. Sasa jiulize: bibi wa namna hiyo angemshitakia nani? Mtemi ndiye aliyemhukumu. Polisi ndio wale wa 1976. Nchi ilikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi tangu mwaka 1966, chombo cha kupokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa serikali na chama, lakini ripoti zake zilikwenda kwa Rais. Bibi asiyejua kusoma, ambaye hata kijijini hapewi moto, angeifikiaje?

Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivi vikapata nafasi ndani ya sheria pamoja na uwezo wa kukamata. Ilikuwa hatua nzuri kwa kuwa iliwatoa nje ya kiza. Lakini kumpa mtu uwezo wa kukamata ni jambo moja, na kuweka mahali pa kumlalamikia ni jambo jingine. Hilo la pili halikupewa uzito. Miaka ya 1990 Waziri wa Mambo ya Ndani, Augustine Mrema, alihimiza sungusungu mijini mpaka Dar es Salaam, na huko mambo yalibadilika. Mjini hakuna mwano wala ukoo. Mlinzi hakujui, nawe humjui, na mchango umegeuka malipo.

Kenya nayo iliazima kitu kutoka Tanzania. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, serikali ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi, kwamba majirani wajuane na watoe habari za wageni wenye shaka. Asili yake ni balozi wa nyumba kumi wa TANU tangu miaka ya 1960, ambaye alikuwa mtu wa chama kabla ya kuwa mtu wa ulinzi. Familia nyingi za Kiislamu zilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao haukuwa wa bure. Kumjua jirani ni katika mafundisho yetu. Kumpeleleza ni katika yale yaliyokatazwa wazi katika Suuratul Hujuraat, aya ya 12. Mstari baina ya hayo mawili ni mwembamba, hasa pale jirani anapokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na wewe, naye ndiye mwenye namba ya simu ya polisi.

Hata hivyo, Wakenya walikuwa na kitu ambacho yule bibi wa Usukumani hakuwa nacho. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu 1,133, na Tume ya Jaji Waki ilikuta kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi, nyingi zikiwa za polisi. Kabla ya hapo polisi walijichunguza wenyewe. Sheria ya mwaka 2011 ikaanzisha Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, inayoongozwa na raia, yenye uwezo wa kupokea malalamiko, kuchunguza na kupeleka jalada kwa mwendesha mashitaka. Wengi hulalamika kwamba inakwenda polepole, na ni kweli, kesi zilizofika hukumu ni chache mno ukilinganisha na malalamiko.

Lakini Agosti 2014 katika kijiji kimoja cha Kinango, Kwale, polisi waliingia usiku nyumbani kwa watu wakimtafuta mtu mwingine, na msichana wa miaka 14 akauawa kwa risasi. Polisi walisema aliwashambulia kwa panga. Miaka ya nyuma maneno hayo yangetosha, na jalada lingefungwa. Safari hii wachunguzi wa raia walikwenda kijijini wakawauliza watu wa nyumba ile, na mwili uliokwisha kuzikwa ukafukuliwa ili uchunguzwe. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maofisa wawili kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutokana na uchunguzi wa IPOA.

Wallaahu a'lam.