Walipimwa Mwili, Hawakuulizwa Ufundi

Kampuni kubwa inapomwita mtu wa Arua au Koboko kwenye usaili wa ukuu wa matengenezo, swali linalomlemea ni la uzoefu: umesimamia mitambo gani, yenye ukubwa gani, kwa miaka mingapi? Ni swali linaloonekana la haki, maana kila msailiwa huulizwa hilohilo. Nasema mzigo wake haulingani, na chanzo chake kiko karibu karne moja nyuma, kwenye namna makampuni yalivyoanza kuwachagua watu wa West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda iliko miji hiyo miwili.

Eneo hilo liliingizwa Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, kisha mwaka 1910 likawa chini ya Sudan. Boma likajengwa Arua, kodi ikadaiwa kwa fedha taslimu, na fedha zilikuwa kusini, kwenye miwa: Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda chake cha sukari mwaka 1924, na Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianza chake mwaka 1930. Viwanda hivyo vilihitaji mafundi wa kila aina, wa mashine za kukamua, wa matangi ya mvuke, wa injini. Lakini Mlugbara au Mkakwa wa West Nile aliyejiandikisha alitakiwa kuonyesha mwili tu. West Nile ilikuwa na malale, kwa hiyo daktari alipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akatazama afya yake, akampitisha au akamrudisha. Aliyepita alisafirishwa hadi kwenye panga na mashina ya miwa. Waganda waliwaita vibarua wa aina hiyo abapakasi, neno lililotokana na neno letu “wapagazi”, na jina hilo linaeleza walichotarajiwa kufanya. Kibarua huyo hakuulizwa anajua kutengeneza nini, ingawa kwao wahunzi walifua majembe na mikuki kabla boma halijakuwako. Karakana ya kiwanda ilikuwa zaidi ya mafundi wa Kiasia, na juu yao wakakaa wenye mali na Wazungu.

Mtu atasema: anayetafuta wakata miwa ana haki ya kutazama mikono. Kweli, na kwa siku moja ya kuandikisha vibarua sioni kosa. Kosa liko katika kurudia kipimo kilekile kwa miongo mpaka wilaya nzima ikahesabiwa kuwa ghala la nguvu, wakati shule na karakana zikimiminika kusini. Mwingine atataja jeshi, na ana hoja nzito, kwa kuwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilifundisha udereva na umakanika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lakini hata huko mlango wa kuingilia ulikuwa kimo na kifua, na ujuzi ulifuata kwa wachache. Hoja ngumu zaidi ni ya miaka ya Rais Idi Amin, Mkakwa ambaye mwaka 1972 aliwafukuza Waasia na makampuni yao, Kakira ikiwamo, yakatwaliwa. Je, si hapo watu wa West Nile walipopata vyeo? Baadhi walipata, tena bila kusailiwa, na huko ndiko kuumizwa kwao. Mwaka 1979 utawala ulipoanguka, maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan, na fundi hodari akatazamwa kwa jicho lilelile la aliyepewa kiti kwa undugu. Usaili wa kweli ungemwachia ushahidi wa kujitetea. Kwa hiyo siutetei upendeleo hata chembe. Natetea kuuliza vizuri.

Na kuuliza ukubwa wa mitambo si kuuliza vizuri, maana mitambo mikubwa yenyewe ilichelewa kufika West Nile. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, ilhali kampuni ya umeme ya WENRECO ilianza kazi West Nile mwaka 2003 kwa jenereta la mafuta, na kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kikazinduliwa mwaka 2012. Fundi aliyekulia hapo angeupata wapi ukubwa anaoulizwa? Wenye kampuni watajibu kwamba mtambo mkubwa ukiharibika huua watu na hula mamilioni, na hawawezi kumkabidhi asiyeuzoea. Nakubali hofu hiyo. Lakini ukubwa hujifunzwa kwa miezi, na nidhamu ya matengenezo, yaani kukagua kabla ya kuharibika, kuandika kila kilichofanywa, kupanga spea na watu, hujengwa kwa miaka, popote palipo na injini. Basi msailiwa apewe mchoro na pampu iliyogoma. Kisha aulizwe: Kampala iko mbali, kipuri hakijafika, mji uko gizani, ulifanya nini usiku ule, na kesho yake ulibadilisha nini ili yasijirudie?