Mbachao na Msala Upitao: Ford na Magari Yaliyododa

Katika semina yangu ya historia ya uchumi muhula huu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alitoa hoja iliyoonekana kumaliza mjadala: kiwanda kikitengeneza kitu kisichonunuliwa, kikiache. Wenzake wakamuunga mkono. Mfano wake ulikuwa kampuni ya Ford ya Marekani, ambayo tarehe 25 Aprili 2018 ilitangaza kwamba haitawekeza tena katika vizazi vipya vya magari ya saluni kwa soko la Amerika Kaskazini. Mustang ingebaki, nyingine karibu zote zingeondoka. Baada ya muda mfupi lilifuata Flex, krosova kubwa yenye umbo la sanduku, ambayo tangu izaliwe mwaka 2008 haikuwahi kufikisha mauzo ya magari 40,000 kwa mwaka nchini humo. "Soko limesema," alihitimisha kijana wangu.

Siku ile sikumjibu. Namjibu leo kwa maandishi, kwa kuwa hoja yake haiishii Detroit. Huletwa pia katika ofisi zetu za umma kila bajeti inapobana: njia ya reli yenye abiria wachache, kituo cha afya chenye wagonjwa wachache, kozi yenye wanafunzi wachache. Daima swali ni lilelile. Je, kilichododa kiachwe?

Naanza kwa kukiri upande wenye nguvu wa hoja yake, na ushahidi uko katika historia ya Ford yenyewe. Gari la Model T lilianza kuuzwa Oktoba 1908, na hadi lilipoachwa Mei 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Henry Ford alilipenda kupita kiasi. Miaka ya 1920 wanunuzi walianza kutaka rangi, starehe na mitindo mipya, na General Motors chini ya Alfred Sloan ikawapangia ngazi ya magari kwa kila kipato. Ford akakaa na gari lake lilelile. Alipokubali hatimaye kwamba zama zake zimepita, hakuwa na gari jingine lililo tayari. Viwanda vikasimama kwa miezi kadhaa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani bila ujira, na Model A ikaonyeshwa kwa umma Desemba 1927. Chevrolet ilikuwa tayari imempita. Kung'ang'ania, basi, nako huua, na anayeumia kwanza si mwenye kampuni.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya kitabu. Tulisogelee gari jingine la Ford, Taurus, kwa sababu gari hilo liliuawa mara mbili katika soko lake la nyumbani, na kila kifo kina somo lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford ilikuwa taabani. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya muongo mmoja, magari ya Kijapani yalikuwa yakiwavutia wateja, na katika miaka mitatu ya 1980 hadi 1982 kampuni ilipoteza zaidi ya dola bilioni tatu. Katika hali hiyo ya ukata, uongozi ulitoa fedha nyingi kwa gari moja la familia lenye umbo laini lisilofanana na chochote kilichokuwa barabarani Marekani. Taurus liliingia sokoni Desemba 1985. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1996 lilikuwa gari la abiria lililouzwa kuliko yote nchini humo.

Likaangukaje? Hapa ndipo ninapoachana na mwanafunzi wangu. Yeye anaiona hesabu ya mauzo kama hali ya hewa: mvua imenyesha au haikunyesha. Hesabu ya mauzo ina mikono nyuma yake. Mwaka 1990 Ford ilitoa Explorer, gari la familia lililojengwa juu ya chesisi ya pikapu. Gharama yake ilikuwa ndogo na bei yake kubwa, hivyo faida kwa kila gari ikawa nono. Fedha na fikra za wahandisi zikahamia huko. Taurus lilipewa sura mpya ya mviringo mwaka 1996, wanunuzi wengi hawakuipenda, na baada ya hapo likaachwa lizeeke. Mwishoni sehemu kubwa ya magari hayo ilikuwa ikienda kwa kampuni za kukodisha. Oktoba 2006 la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Atlanta, na kiwanda hicho kikafungwa. Gari lilinyimwa malezi kwa miaka kumi, kisha likahukumiwa kwa udhaifu.

Na kulikuwa na mikono mingine, ambayo watumishi wa umma miongoni mwenu nawaomba muitazame kwa makini. Ni mikono ya serikali.

Mwaka 1963 serikali ya Marekani, ikilipiza kisasi dhidi ya ushuru ambao nchi za Ulaya Magharibi ziliutoza kuku wa Kimarekani, ilitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje. Ugomvi wa kuku ulisahaulika, ushuru ukabaki. Kwa hiyo katika pikapu watengenezaji wa Marekani walikuwa na ua uliowakinga, na katika saluni walipambana uwanja wazi na Toyota na Honda. Kisha, baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kubana matumizi ya petroli. Sheria iligawa magari mafungu mawili: ya abiria, na malori madogo. Fungu la pili lilipewa masharti mepesi, kwa kuwa lilidhaniwa ni la wakulima na mafundi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wastani uliotakiwa kwa magari ya abiria ulikuwa maili 27.5 kwa galoni. Kwa malori madogo ulikuwa 20.7.

Mtu yeyote aliyewahi kuandika kanuni anajua kilichofuata. Ukichora mstari, watu watahamia upande wenye nafuu. Explorer halikuwa lori la mkulima. Lilibeba watoto wa mijini kwenda shule. Lakini kisheria lilikuwa lori. Krosova zilipokuja, nyingi nazo zilihesabiwa huko, ingawa chini zilikuwa na msingi wa gari la saluni. Flex lenyewe lilikuwa na undugu wa karibu na Taurus kwa muundo. Moja likaitwa gari, jingine likaitwa lori. Kwa hiyo tunaposema "soko limesema", tukumbuke kwamba mezani alikuwapo karani mwenye kalamu, na sentensi yake ilikuwa imeanza kuandikwa miaka mingi kabla.

Turudi kwa Taurus. Septemba 2006 Alan Mulally alihamia Ford kutoka Boeing kuwa mtendaji mkuu. Alishangaa kukuta jina linalofahamika na karibu kila familia ya Marekani limetupwa. Februari 2007 kampuni ilitangaza kwamba saluni yake kubwa iliyododa, Five Hundred, itaitwa Taurus. Basi gari likafufuka kwa jina kabla halijafufuka kwa mwili. Mwili mpya ulikuja kwa modeli ya mwaka 2010.

Mulally huyohuyo ni shahidi wa pande zote mbili, na uadilifu unanitaka niseme hivyo. Mwishoni mwa 2006 Ford ilikopa zaidi ya dola bilioni 23, ikiweka rehani karibu kila ilichonacho, hata nembo yake ya buluu. Kisha akapogoa. Aston Martin iliuzwa 2007, Jaguar na Land Rover zikaenda Tata ya India 2008, Volvo ikaenda Geely ya China 2010, na jina la Mercury likazikwa. Mwaka 2009 Chrysler na General Motors ziliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wao, Ford haikuomba. Bila kupogoa huko, sidhani kama ingenusurika. Hata hivyo angalieni alichobakiza: pikapu, krosova, na magari madogo na ya wastani. Alikata matawi, lakini hakukata aina ya mti. Alikuwa ameona petroli ikipita dola nne kwa galoni katikati ya 2008, na foleni za wanunuzi wa magari makubwa zikiyeyuka ndani ya wiki chache. Flex lilizinduliwa majira hayohayo. Kama kuna gari lililozaliwa siku mbaya, ni hilo.

Uamuzi wa 2018 ulikuwa wa namna nyingine. Wakati huo petroli ilikuwa nafuu na krosova zilikuwa zikipendwa. Chini ya Jim Hackett, Ford ilisema ifikapo 2020 karibu asilimia 90 ya magari yake Amerika Kaskazini yatakuwa pikapu, krosova na magari ya kazi. Taurus la mwisho la Chicago lilitoka Machi 2019. Fusion likafuata Julai 2020 huko Hermosillo, Mexico. Flex lilikuwa limekwisha kuondoka Oakville, Kanada.

Je, Ford ilikosea? Jibu langu lina sehemu mbili.

Kuhusu Flex na Taurus kama yalivyokuwa mwaka 2018, haikukosea. Yalikuwa magari yenye umri wa muongo mmoja, na kila dola iliyotumika kuyahuisha ingetoka mahali pengine. Pia wafanyakazi wa Chicago hawakutupwa: kiwanda chao kiliandaliwa kwa Explorer mpya. Hili linapaswa kusemwa, kwa sababu wanaharakati wenzangu huwa tunapenda hadithi ambayo kila uamuzi wa kampuni ni dhuluma. Dhuluma zilikuwapo kwingine. Kiwanda cha St. Thomas, Ontario, kilifungwa Septemba 2011 pamoja na Crown Victoria, saluni kubwa ya polisi na teksi, na zaidi ya watu elfu moja wakapoteza kazi bila gari jingine kuletwa mahali pake.

Lakini kuhusu kuitelekeza aina nzima ya magari, naona ilikosea, kwa sababu iliacha pia watu. Mnunuzi wa saluni mara nyingi ni kijana mwenye kazi ya kwanza, mstaafu, au familia isiyotaka deni kubwa. Toyota haikuiacha Camry, wala Honda haikuiacha Accord. Wateja waliokuwa njiani kutoka Ford walikuta milango hiyo imefunguliwa. Mwaka 2021 Ford ilileta pikapu ndogo, Maverick, ambayo bei yake ya kuanzia ilikuwa chini kidogo ya dola 20,000, ikiwa na injini ya mseto wa petroli na umeme. Kufikia Januari 2022 kampuni ililazimika kusitisha kupokea oda za zile za mseto kwa mwaka huo. Maverick ilitengenezwa Hermosillo, katika kiwanda kilekile kilichokuwa kikiunda Fusion. Haja ya gari la bei nafuu lenye kubana mafuta haikuwa imekufa; ilikuwa imekosa wa kuihudumia. Nalo jina la Taurus, baada ya kuzikwa Chicago, linaendelea kuuzwa katika nchi za Ghuba, likiletwa kutoka China.

Wahenga wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sikilizeni vizuri methali hiyo. Haisemi kwamba mkeka uliochakaa ni mzuri kuliko msala mpya. Inakumbusha tu kwamba msala ule unapita, na aliyeutupa mkeka wake atakapotaka kuketi hatakuwa na pa kuketi. Msala wa petroli nafuu ulipita mwaka 1973, ukapita tena mwaka 2008.

Hivyo mtu akileta mezani jedwali la kilichododa, namwomba mwanafunzi wangu, na ofisa atakayekuja kuwa, aulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Kwanza: kimedoda kwa sababu hakihitajiki, au kwa sababu sisi tulikinyima malezi? Pili: ni kanuni gani yetu wenyewe iliyowasukuma watu upande mwingine? Tatu: tukikiacha, waliokuwa wakikitegemea watakwenda wapi, na nani atawapokea? Ikiwa majibu yote matatu yamepatikana na bado hesabu inasema kiachwe, kiachwe, kama Model T ilivyopaswa kuachwa miaka kadhaa kabla ya 1927.

Nakiri nina maslahi katika jambo hili. Semina ambamo swali hili liliulizwa ina wanafunzi kumi na mmoja, na muhula ujao itajadiliwa katika kikao kinachopitia kozi zenye uandikishaji mdogo. Mwanafunzi wangu hakulijua hilo alipotoa hoja yake. Nimemwomba aje kwenye kikao hicho kama mwakilishi wa wenzake, naye amekubali. Sijamwambia aseme nini.