Mshona Nguo wa Greeneville

Wako mafundi wetu wa vijijini, hasa washonaji, wadhaniao kwamba sindano haiwezi kumfikisha mtu penye baraza la wakuu. Hao twapenda kuwaeleza habari za Andrew Johnson, aliyezaliwa mwaka 1808 mjini Raleigh, katika Marekani.

Babaye alifariki mtoto akiwa na miaka 3. Kwa ufukara mamaye akamtia kwa mshona nguo awe mwanagenzi, amefungwa kwa mapatano mpaka atimize miaka 21. Shule hakuingia hata siku moja. Mwaka 1824 alitoroka, na bwana wake akatangaza gazetini kwamba atakayemrudisha atapewa dola 10. Neno hili twaomba msomaji alishike.

Mwaka 1826 alifika Greeneville, mji mdogo wa milimani katika Tennessee, akafungua kiduka. Mwaka uliofuata akamwoa Eliza McCardle, naye akamfundisha kuandika vema na kufanya hesabu. Mkono ukishona, mtu wa kulipwa humsomea hotuba. Mafundi na wakulima wakazoea kuja dukani kubishana habari za nchi, kisha wakamchagua: diwani mwaka 1829, baadaye mkuu wa mji, mjumbe wa baraza la Tennessee, na mwaka 1843 mjumbe wa Baraza Kuu huko Washington. Huko alidai kwa miaka mingi kwamba maskini wagawiwe mashamba. Majimbo ya kusini yalipojitenga mwaka 1861, katika maseneta wake wote ni yeye peke yake aliyekataa kuliacha Baraza.

Aprili 1865 Rais Lincoln aliuawa, na mshonaji, aliyekuwa makamu wake, akashika mahali pake. Watu wapata milioni 4 walikuwa wakitoka utumwani, nao wakitazamia haki. Johnson mwenyewe alipata kumiliki watumwa. Sheria ya mwaka 1866 ya kuwapa haki za raia aliikataa, hata Baraza likaipitisha pasipo ridhaa yake. Sisi twaona uchungu hapa: aliyetangaziwa dola 10 akiwafungia mlango watu waliotangaziwa kama yeye, tena kwa maisha yao yote. Matajiri wa mashamba aliwachukia kweli, ila chuki ile haikumtia huruma kwa watumwa wao.

Mwaka 1868 alishtakiwa mbele ya Seneti kwa kumwondoa waziri wa vita, akaokoka kwa kura 1. Mwaka 1875 baraza la Tennessee lilimrudisha katika Seneti, naye akafa tarehe 31 Julai mwaka ule ule. Alizikwa kilimani Greeneville, amezungushiwa bendera, na Katiba chini ya kichwa chake.