Marumaru Iliyovuka Bahari Mbili

Neno letu «marumaru» limesafiri mbali: Wayunani walisema marmaros, Waarabu marmar, na watu wa pwani wakalipokea. Jiwe lenyewe nalo lina safari yake, nayo yapita Afrika mara mbili.

Mara ya kwanza Afrika ilitoa. Warumi walikata marumaru ya manjano huko Chemtou, katika Tunisia ya leo. Katika jangwa la Misri, kati ya mto Nili na Bahari ya Shamu, walikata itale ya kijivu na porfiri ya rangi ya zambarau, mawe ambayo nayo waliyahesabu pamoja na marumaru. Nguzo za ukumbi wa mbele wa Pantheon, mjini Roma, zilitoka Misri, kila moja ikiwa jiwe moja la mita karibu 12.

Ni mikono ya nani iliyoyakata? Maandishi juu ya vigae yaliyopatikana Mons Claudianus, machimbo ya itale, yaonyesha wafanyakazi waliolipwa mshahara. Lakini machimbo yalikuwa pia adhabu. Katika madhulumu yaliyoanza mwaka 303, Wakristo walihukumiwa kwenda machimbo ya porfiri. Eusebius wa Kaisaria asimulia kwamba wanaume 97, pamoja na wanawake na watoto, walitolewa huko na kupelekwa Palestina, na huko walipofushwa jicho la kulia na kulemazwa mguu wa kushoto.

Mara ya pili Afrika ilipokea. Adulis, katika Eritrea ya leo, ilikuwa bandari ya ufalme wa Aksum, ambao mfalme wake Ezana aliupokea Ukristo katika karne ya 4. Mwaka 1868 askari wa Uingereza walichimbua huko vipande vya kanisa la kale. Vilikuwa marumaru ya Proconnesus, kisiwa karibu na Konstantinopoli, iliyochongwa kuwa uzio wa patakatifu. Ililazimika kuvuka Mediteranea, kisha Bahari ya Shamu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa: karibu na Marzamemi, Sisilia, ilizama katika karne ya 6 meli iliyobeba nguzo, vichwa vya nguzo na mimbari, yaani vipande vya kupambia kanisa.

Hata hivyo, Waadulis hawakuagiza kuta. Walizijenga kwa mawe meusi ya volkano ya nchi yao, na marumaru wakaiweka karibu na altare.

Ndugu msomaji, sisi wa Kisangani, tunaoishi karibu na almasi na dhahabu, tunajua kwamba uzuri wa jiwe hausemi lolote juu ya jasho la aliyelitoa ardhini. Porfiri iliyopamba majumba ya makaisari ilikatwa pia na waumini waliofungwa kwa ajili ya imani. Basi, kabla ya kulisifu jiwe lililo mbele ya altare, na tuulize lilitoka mikononi mwa nani, na kama mikono hiyo ililipwa haki yake.