Rangi Tatu za Pete: Historia Fupi ya Dhahabu Vidoleni Mwetu

Kamati ya kitabu hiki ilitutaka tuandike machache juu ya historia ya usonara hapa Unguja, kwa kuwa jamaa yetu imekaa nyuma ya meza ya duka la dhahabu kwa vizazi vitatu. Hatukujua tuanzie wapi, mpaka ile jioni ya kukusanya michango ya taji.

Wengi wenu mlikuwapo. Kitambaa kilitandikwa mbele ya murti, akina mama wakaja mmoja mmoja, na kila mmoja akavua alichojaaliwa. Zilipopangwa pete zote chini ya taa, kila mtu aliona kwamba hazikuwa za rangi moja. Nyingi zilikuwa njano. Chache zilipiga wekundu kama waridi. Nyingine nne zilikuwa nyeupe, hata mzee mmoja akauliza ni nani aliyeleta fedha mahali pa dhahabu. Hapo ikazuka hoja: je, zote zitaingia chungu kimoja? Wako waliosema kuwa taji ni la njano, na zisizo njano zirudishwe kwa wenyewe. Wako walioona kuwa kumrudishia mtu sadaka yake ni kumvunjia heshima. Tukatakiwa tuseme sisi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Jibu tulilotoa siku ile lilikuwa fupi. Hili hapa ndilo refu.

Dhahabu halisi ina rangi moja tu, nayo ni njano. Hiyo ndiyo tuiitayo karati 24. Lakini ni laini mno. Pete ya karati 24 hupinda na kulika upesi kidoleni. Kwa sababu hiyo sonara huichanganya na madini mengine, na mchanganyiko huo ndio uletao rangi. Shaba huvuta kwenye wekundu. Fedha huifanya ipauke, na ikizidi huleta ukijani. Nikeli au paladiamu huifuta njano ikawa nyeupe. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, ndiyo maana hupigwa mhuri wa 916. Karati 18 ni robo tatu, na mhuri wake ni 750. Karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375 tu.

Kwa hiyo pete nyekundu ya karati 18 na pete nyeupe ya karati 18 zina dhahabu sawasawa. Ila pete ya karati 22 haiwezi kuwa nyeupe, kwa kuwa ndani yake hakuna nafasi ya kutosha ya kile kinachoweupisha. Anayetaka rangi hana budi kupunguza dhahabu. Neno hili tunaomba mlishike, kwani habari yote inayofuata imejengwa juu yake.

Njano ya mababu

Wazee wetu walitoka Kutch na Kathiawar, wakaja na jahazi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Katika miaka ya 1830 forodha ya Sultani wa Unguja ilikuwa imekodishwa kwa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, na nyuma ya wafanyabiashara wakubwa kama yeye walikuja mafundi wa kila namna. Miongoni mwao walikuwa mafundi wa dhahabu. Kwa Kigujarati dhahabu ni sonu, na mwenye kuifua ni soni au sonar. Waswahili wakamwita sonara, na jina likawa lao. Bangili nalo ni neno lililovuka bahari kwa njia hiyo. Hata mizani ilikuwa ya kwetu: dhahabu ilipimwa kwa tola, na tola moja ilikuwa ndiyo uzito wa rupia moja ya fedha, yaani gramu 11.66. Kwa kuwa rupia zilitumika Unguja hadi mwaka 1936, mteja asiyekuwa na mizani aliweza kuweka rupia yake upande mmoja na bangili upande wa pili, akajua.

Mababu hao walipenda njano kwa sababu zisizo za biashara peke yake. Bibi harusi wa Kigujarati hupakwa pithi, yaani manjano yaliyosagwa, kabla ya ndoa. Bwana Krishna huvikwa pitambar, hariri ya njano. Dhahabu ni ya Lakshmi, ndiyo maana hatuivai miguuni. Miguu ina fedha yake. Nao majirani zetu Waswahili humsinga bibi harusi wao kwa singo na kumpamba kwa dhahabu, na njano iliwapendeza kama ilivyotupendeza sisi. Sonara wa Mji Mkongwe hakuhitaji mitindo miwili. Njano moja iliingia nyumba zote, na kila nyumba ilikuwa na neno lake la kuisifu. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Hatukumbuki mteja wa zamani aliyeuliza pete hiyo iwe ya rangi gani.

Wekundu uliokuja na pauni

Wekundu ulifika kwa sarafu. Pauni ya dhahabu ya Waingereza ilikuwa ya karati 22, lakini kilichotiwa ndani yake ni shaba, kwa hiyo ilipiga wekundu kidogo kuliko dhahabu iliyochanganywa na fedha. Masonara waliziyeyusha pauni hizo, au walizitia kikuku wakazifanya kidani. Huko Ulaya wekundu wenyewe ulikuwa mtindo katika karne ya 19. Warusi waliupenda sana, hata dhahabu yenye shaba nyingi ikaitwa dhahabu ya Kirusi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1854 iliruhusu karati 9, 12 na 15, na mtu wa kipato cha kati akaweza kuvaa pete ambayo babu yake asingeweza kuinunua.

Kisha likaja jambo la mwaka 1963. Serikali ya India, Waziri wa Fedha akiwa Morarji Desai, Mgujarati mwenzetu, ilipiga marufuku kutengeneza mapambo yanayozidi karati 14. Nia ilikuwa kupunguza kiu ya dhahabu na kuzuia magendo. Kilichotokea ni kwamba mafundi wengi walikosa kazi, magendo yakazidi, na wateja hawakuipenda dhahabu ile iliyopoteza njano yake. Kikomo cha karati 14 kiliondolewa baada ya miaka michache, lakini sheria ya kudhibiti dhahabu ya mwaka 1968 haikufutwa mpaka mwaka 1990. Funzo la miaka ile ni kwamba serikali inaweza kuamuru karati, ila haiwezi kuamuru moyo wa bibi harusi.

Hapa tunafikia habari yetu wenyewe, na tungeweza kuiruka. Mwezi Januari mwaka 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika dola 850, ilhali mpaka mwaka 1971 bei ya serikali ya Marekani ilikuwa dola 35 tu. Ilikuwa miaka ya dhiki nchini mwetu. Hata sabuni ilipangiwa foleni. Dukani kwetu tulianza kufua pete nyembamba zenye shaba zaidi. Zilikuwa nyekundu na nzuri, na wateja walizipenda. Hatukusema kwamba ni za karati 22. Hatukusema pia kwamba si za karati 22. Mteja alilipa kwa mazoea ya miaka yote, nasi tukanyamaza.

Mmoja wa wateja hao alikuwa jirani, shoga wa mama yetu tangu ujana wao. Miaka mingi baadaye alirudi na pete ile, akitaka kuiuza ampeleke mjukuu wake hospitali Dar es Salaam. Alikuwa amekwisha kuionyesha duka jingine, na huko ameambiwa ni karati 14. Hakutukasirikia. Alisema tu: “Mwanangu, wale hawaijui dhahabu. Nipimie wewe, hii nimeinunua kwenu.” Tukaichukua pete, tukaisugua juu ya kasoti. Kasoti ni jiwe jeusi la kujaribia dhahabu, na kwa Kigujarati neno hilo hilo lina maana ya mtihani. Tukatia tone la tindikali, na mstari ukafifia mbele ya macho yake. Wale walikuwa wanaijua dhahabu. Tukamweleza ukweli, tukamlipa kwa bei ya karati 22, wala huo haukuwa wema. Lilikuwa deni lililochelewa. Alihesabu fedha, akatushukuru, akaondoka. Tangu siku ile hakuleta tena binti zake dukani kwetu. Alipofariki tulikwenda mazikoni, na nyumbani kwake walitupokea vizuri.

Weupe wa waliohama

Weupe ulikuja mwisho. Matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda platinamu kwa almasi zao, na mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wakatafuta dhahabu nyeupe iliyo rahisi zaidi ya hiyo. Mwaka 1924 nyumba ya Cartier mjini Paris ilitoa pete ya duara tatu zilizopitana, moja njano, moja ya waridi, moja nyeupe, na mtindo huo unauzwa mpaka leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilizuia platinamu isitumike kwa mapambo, kwa kuwa ilihitajiwa vitani, na dhahabu nyeupe ikashika nafasi yake.

Kwetu Unguja tuliiona kwanza kwenye vidole vya jamaa zetu waliohamia Uingereza baada ya mwaka 1964, walipokuja kututembelea. Wengi walivaa karati 9 au 18, kama maduka ya huko yauzavyo. Pete zile zilileta utata mara mbili. Kwanza, weupe wake mkali si wa dhahabu yenyewe. Pete imechovywa katika rodiamu, na ngozi hiyo ikilika umanjano hujitokeza, pete ikahitaji kuchovywa tena. Tena nikeli iliyomo huwawasha baadhi ya watu. Pili, alikuja mzee jirani na pete aliyoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo, akiivaa kwa kudhani ni fedha, kwani katika dini yake mwanamume havai dhahabu. Tulipomwambia ni dhahabu aliivua pale pale juu ya meza, akampelekea mkewe.

Siku hizi wekundu umerudi. Mwaka 2015 hata simu za mkononi zilitolewa kwa rangi ya waridi, na mabinti wetu wakaingia dukani na simu hizo, wakitaka pete ifanane. Hatuwakatazi. Karati 18 ya waridi ni kitu halali na kizuri, mradi mnunuzi ajue kwamba robo nzima ya anachokivaa si dhahabu, na alipe kwa kadiri hiyo. Tunaomba kila anayenunua, kwetu au kwingine, aangalie mhuri ndani ya pete, aulize karati kabla ya kuuliza bei, na adai yote mawili yaandikwe kwenye risiti.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Jibu letu fupi lilikuwa kwamba hakuna pete ya kurudishwa, ila zisiyeyushwe pamoja kama zilivyo, kwani nikeli na shaba zingeharibu zote. Pete za njano za karati 22 zilitiwa chungu chake. Nyekundu na nyeupe zilipimwa kwanza moja moja. Kisha ziliyeyushwa zikaongezwa fedha mpaka dhahabu ikawa robo, zikachemshwa katika tindikali ya nitriki. Tindikali ilikula fedha, shaba na nikeli, na chini ukabaki unga wa rangi ya kahawia usiopendeza kuutazama. Unga ule ulipotiwa motoni ukawa njano, na hakuna aliyeweza tena kusema hii ilikuwa nyeupe na hii ilikuwa nyekundu. Uzito ulikuwa umepungua, na kila aliyetoa aliambiwa pete yake ilikuwa na dhahabu kiasi gani. Mama mmoja alisikitika kujua kwamba yake ya kutoka Uingereza ilikuwa ya karati 9. Tulimwambia kwamba hata hiyo imo ndani ya taji.

Miongoni mwa pete nyekundu ilikuwamo ile ya jirani yetu. Tulikuwa tumeiweka katika saraka ya duka tangu siku tuliyoinunua, na tuliiweka juu ya kitambaa wenyewe, bila kusema ni ya nani.

Tunawatakia nyote, wa hekaluni na wa mtaani, maadhimisho mema. Taji mtaliona siku ya sherehe, na orodha ya uzito wote itabandikwa mlangoni, aisome kila anayetaka.