Kiwango cha Pato la Pango

Kiwango cha pato la pango ni asilimia inayopatikana pango la mwaka mzima linapogawanywa kwa gharama yote ya kuipata nyumba: kiwanja, hati, vifaa na mafundi. Kiingereza husema "yield", neno ambalo hutumika pia kwa mazao ya shambani, na ndiyo maana wapo wanaolitafsiri "mavuno". Tafsiri hiyo inapendeza ila inapotosha. Mavuno huhesabiwa kwa magunia, ilhali istilahi hii hutaja uwiano. "Faida" nayo haitoshi, kwa kuwa hesabu hii inaweza kupigwa kabla ya kutoa gharama yoyote. Neno "kiwango" basi si pambo.

Neno "pango" linatufaa kuliko "kodi". Nchini Tanzania mwenye nyumba hupokea kodi kwa mpangaji, kisha hulipa kodi Mamlaka ya Mapato; Kenya hukwepa utata huo kwa kuiita ile ya serikali ushuru. Hata hivyo pango nalo halikusalimika: mwenye hati hudaiwa kila mwaka kodi ya pango la ardhi.

Nyumba ya kawaida ya Ng'ambo au Isevya, mjini Tabora, ina ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu na choo cha pamoja. Tuseme imegharimu shilingi 30,000,000 na kila chumba kinapangishwa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,880,000, yaani asilimia 9.6. Hilo ni pato ghafi, na wanaoanza wengi huishia hapo. Lakini chumba kimoja kikikaa kitupu miezi mitatu, 120,000 zimepotea. Katika 2,760,000 zinazobaki, asilimia 10 ni kodi ya zuio: 276,000. Bati linavuja, choo kimejaa, kitasa kimevunjwa; tuseme 384,000. Zimebaki 2,100,000, na kiwango cha pato halisi ni asilimia 7. Kodi ya majengo mara nyingi haionekani katika daftari la mwenye nyumba, kwa sababu tangu 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU, na anayenunua umeme kwa kawaida ni mpangaji. Haki ni kumrudishia.

Asilimia 7 ni ndogo au kubwa? Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 iliyotolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, bila choo cha kuvuta. Nyumba hujitetea kwa kupanda thamani, na pango lake huweza kupandishwa bei za vitu zikipanda. Kwa anayeanza na fedha kidogo, desturi ya kujenga kwanza banda la uani, kulipangisha, kisha kuinua nyumba kubwa taratibu ina mantiki: pato huanza mapema. Kasoro yake ni kwamba tofali na bati vikinunuliwa kidogo kidogo kwa miaka minane, bila risiti kutunzwa, hakuna anayejua gharama ya nyumba, na kiwango hakiwezi kukokotolewa.

Kiwango hiki hupima mwaka mmoja tu, na Tabora inajua jinsi wapangaji wanavyohama. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, wafanyabiashara wa Kiarabu waliwapatia nyumba. Wasafiri Stanley na Livingstone walikaa katika tembe la Kwihara, karibu na mji huo, mwaka 1872. Misafara ilikuwa ikisubiri hapo wapagazi na habari za njia. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, biashara ikasogea stesheni, na leo tembe hilo ni makumbusho. Vivyo hivyo, pango linalopandishwa na mafundi wa reli ya kisasa lisichukuliwe kuwa la kudumu, na vyumba vya karibu na vyuo huweza kubaki vitupu wakati wa likizo. Mtumishi anayelipa miezi sita kwa mkupuo, hata kwa bei ya chini kidogo, mara nyingi huinua pato halisi kuliko mpangaji wa bei kubwa anayeondoka mapema.

Wenye nyumba wengi hukaa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Chumba hicho nacho huingizwa katika hesabu, kwa bei ambayo mpangaji angekilipia.