Asali kwenye uji wa mtoto: anza lini, weka kiasi gani

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Isiwekwe kwenye uji wala kwenye maji ya uvuguvugu, na asipakwe ulimini. Naanza na hilo kwa sababu akina mama wengi wanaokuja kliniki wameshaacha kutia sukari kwenye uji wa mtoto, na hilo ni jambo zuri. Lakini wengine wameweka asali mahali pa sukari, wakiamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru.

Kwa nini tusubiri mwaka mmoja?

Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu hizi zimo pia kwenye udongo na vumbi, kwa hiyo hata asali safi iliyorinwa kwa uangalifu inaweza kuwa nazo. Mtu mzima akizila hupita tumboni bila kumdhuru. Utumbo wa mtoto mchanga bado hauna bakteria wazuri wa kutosha wa kuzizuia, hivyo zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo huitwa botulizimu ya watoto wachanga, na ulitambuliwa mwaka 1976 huko California, Marekani. Ni wa nadra, na watoto wengi waliolambishwa asali hawaugui. Ila anayeugua anaweza kushindwa kupumua, na kwa kuitazama chupa huwezi kujua kama ina mbegu hizo.

Naulizwa sana: je, nikiichemsha pamoja na uji? Haisaidii. Mbegu hizi hustahimili maji yanayochemka. Viwandani huuawa kwa joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, na sufuria ya uji haifiki huko. Asali ya nyuki wadogo, ambayo wengi wetu tunaiheshimu kama dawa, ina sharti lilelile. Ya dukani pia.

Wapo wanaompaka mtoto asali anapokuwa na utando mweupe mdomoni. Usifanye hivyo, mlete kituoni, ipo dawa ya matone kwa tatizo hilo. Na bibi akitaka kumlambisha mjukuu, mpe shikamoo yake na umweleze kwa adabu, ila kijiko kishike wewe.

Mama anayenyonyesha anaweza kula asali bila wasiwasi. Mbegu hizi haziingii kwenye maziwa ya mama.

Kama mtoto alishapewa

Acha kumpa, kisha mwangalie. Dalili huweza kujitokeza kati ya siku 3 na 30. Mara nyingi ya kwanza ni kukosa choo kwa siku kadhaa kuliko kawaida yake. Baadaye ananyonya kwa udhaifu, sauti ya kilio inapungua, kope zinashuka, shingo inalegea na mwili unakuwa kama kitambaa. Homa kwa kawaida haipo, na ndiyo maana wazazi huchelewa. Ukiona mtoto analegea au ananyonya kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na umwambie mhudumu kwamba mtoto alikula asali. Neno hilo moja linaweza kumfikisha kwenye matibabu mapema.

Baada ya mwaka mmoja

Sasa asali ni salama, lakini bado ni sukari. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari, na kijiko kimoja cha chai cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko kama hicho cha sukari ya mezani, kwa sababu asali ni nzito. Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari zinazopaswa kupunguzwa. Inaozesha meno, na hupandisha sukari ya damu ya mwenye kisukari. Madini yake ni kidogo mno, kwa hiyo haiongezi damu kama wengi wanavyoambiwa. Maini, dagaa na maharage ndivyo vyenye madini ya chuma. Mimi hushauri nusu kijiko cha chai, tena si kila siku, na meno yapigwe mswaki kabla ya kulala.

Utamu usiohitaji asali

Tangu miezi 6, ndizi mbivu au embe lililopondwa hutosha kuutia uji ladha. Mtoto ambaye hajazoeshwa sukari haidai. Sisi wakubwa ndio tunaouonja uji na kusema hauna ladha.

Ninachokipenda zaidi ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 hadi uchipue, kisha uanike ukauke kabisa na usage. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utalainika na kupata utamu wake wenyewe, kwa sababu kimea huvunja wanga kuwa sukari. Kwa hiyo unaweza kutumia unga mwingi bila uji kuwa mgumu kumezwa, na tumbo dogo la mtoto hupata nguvu zaidi kwa kila kijiko. Urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumpa, maana nafaka iliyochipua hubeba vijidudu.